Ukurasa wa Sitini na Moja

Kila saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati la ofisi na watu wote wenye akili wa mji wa Kasongo wamekwenda kujinyoosha, Nsimire alikuwa akimsikia baba yake akisoma. Sauti ilikuja polepole kutoka upande wa dirisha, yeye akiwa nusu macho nusu usingizini: "Mwenzangu fundi, kabla hujagusa kitu, keti kwanza uiangalie pampu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kitabu cha Pampu. Mzee Lwamba, aliyekiandika, alikuwa kaburini mwaka wa tano sasa, lakini hilo halikumzuia kusoma. Nsimire alifumba macho na kuchapa alichokisikia, na alipofumbua alikuta amechapa sawasawa, hadi mkato wa mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mradi wa maji uliomwajiri ulitaka kitabu kile cha karatasi kigeuzwe kiwe msaada wa kwenye simu: mtu wa kijijini akisumbuliwa na pampu, aandike shida yake kwa maneno mawili matatu, simu imwonyeshe la kufanya. Msaada ungekaa kwenye mtandao, na simu ikishaufungua mara moja ingeuhifadhi, ili usomeke hata mahali ambapo mtandao haufiki, yaani karibu kila mahali kati ya Kasongo na Kabambare. Mkuu wa mradi, bwana Katembo, alikuwa mtu mwema. Kasoro yake ni kwamba aliamini kila kitu duniani kinaweza kufupishwa, isipokuwa mikutano yake. Alikuwa amempa Nsimire miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa.

"Ijumaa nitaandika shida ya maji, nione kama telefone inanijibu," alimwambia. "Ikinijibu, tunaweka kitabu ya mzee. Isiponijibu, tunaweka ile ya Kifaransa yenye ilikuja na pampu, na ya mzee inaenda mu arshive. Sina nguvu ya kubishana na wakubwa wa Kinshasa, mama."

Nsimire aliijua arshive ya ofisi ile. Ilikuwa chumba chenye dirisha moja na mchwa wasio na idadi.

Mzee Lwamba alikuwa fundi wa pampu za mkono kwa miaka ishirini na sita, kutoka Nyangwe kwenye mto mkubwa hadi Lusangi kwa wachimba dhahabu. Nsimire, ambaye jina hilo alipewa na mama yake, mtu wa kabila la Washi, alimfuata wakati wa likizo, akikaa nyuma ya baiskeli na kukumbatia mfuko wa vyuma. Kazi ikiisha na maji yakitoka, baba alijaza kikombe cha bati, akamwita mbele ya watu wote anywe yeye wa kwanza. Machifu walingoja. Akina mama wenye ndoo walingoja. Kwa hiyo Nsimire alikua akijua kwamba hakuna mtoto wa mkoa wa Maniema aliyependwa kama yeye, na alipokuwa mkubwa hakuona sababu ya kubadili mawazo.

Kitabu kilikuwa na kurasa mia moja themanini na sita. Nakala arobaini zilipigwa chapa, moja kwa kila kijiji chenye pampu, kisha kompyuta iliyokuwa na maandishi yale ikapigwa na radi. Nakala ya nyumbani ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na kuviringishwa ndani ya kitenge cha marehemu mama. Mzee aliandika kama alivyozungumza. Sura zake ziliitwa "Siku Pampu Inapopiga Miayo" na "Chuma Kina Masikio", na katika kila sura alisema: soma tangu mwanzo, usirukeruke, ukiwahi mbele utanikosa nyuma.

Nsimire hakukata hata neno. Alijua vizuri kazi hiyo inavyotakiwa kufanywa, kwa maana aliwahi kuwafundisha wengine: kichwa cha habari kiwe kwa maneno ya yule mwenye shida, ukurasa uwe mfupi, ujitegemee, kwa sababu msomaji wa simu huingia popote bila kupita mwanzoni. Aliyajua yote hayo. Lakini kila alipoweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, sauti ya dirishani ilinyamaza, na ukimya ule hakuuweza. Basi akakiingiza kitabu kizima kama kilivyo, sura baada ya sura, na kujidanganya kwamba ni heshima.

Katika usingizi ule mwepesi wa mchana, kitabu kilikuwa nyumba. Vyumba vyake vilifuatana mia na themanini na zaidi, kila kimoja kikiwa na mlango wa kutokea chumba cha nyuma tu, hivi kwamba ukitaka kufika jikoni lazima uwapite wote waliolala. Baba alitangulia, yeye akafuata. Nje watu walikuwa wanagonga kuta kwa viganja, wanataka kuingia moja kwa moja mahali maji yalipo, na upande wa nje hapakuwa na mlango hata mmoja. Alipofika chumba cha sitini na moja alikanyaga hewa, akashtuka na kukuta shavu lake limelala juu ya meza.

Chumba hicho hakikuwapo hata mtu akiwa macho. Karatasi yenye ukurasa wa 61 ilikuwa imekatwa kwa wembe kutoka nakala ya nyumbani, na mzee hakusema kamwe ni nani aliikata wala kwa nini. Kibaya zaidi, kitabu kizima kilielekeza hapo. Mara kumi na nne mzee aliandika "tazama ukurasa wa 61". Nsimire alikuwa amezigeuza zote kumi na nne ziwe viungo vya kubonyeza, na vyote kumi na nne vilifungua skrini nyeupe.

Jumatatu, saa ile ile ya usingizi, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Wamaza, kijiji kilichopewa msaada ule kuujaribu. Aliyezungumza alikuwa Mado, mwangalizi wa pampu ya huko, na upepo wa kilimani alikopanda kutafuta mtandao ulisikika ukimpiga.

"Dada Nsimire, ni mie Mado. Pampu yetu iko inagonjwa. Niliandika mu telefone 'maji inachelewa'. Inasema hakuna. Nikaandika 'maji inakawia asubuyi'. Hakuna. Nikaandika 'maji' peke yake, ikaniletea mistari mia mbili, na ya kwanza inaniambia nikae chini. Dada, niko nimekaa chini tangu juzi, siku ya posho! Wamama wamerudi kuchota ku muto, na mutoto mmoja ameanza kuhara. Utusaidie."

Nsimire alicheka pale pa kukaa chini, kisha aliposikia habari ya mtoto aliona haya hadi masikio yakamwaka. Maji kuchelewa ndiyo pampu kupiga miayo. Alikumbuka vizuri sura hiyo, na alikumbuka pia ilivyoishia: "dawa yake utaikuta ukurasa wa 61."

Lakini Wamaza nao walipewa nakala yao. Ukurasa wa 61 lazima uwe huko. Aliomba ruhusa ya siku tatu, na Katembo akampa huku akitazama kalenda kwa namna ambayo haikuhitaji maneno.

Jumanne alfajiri alikaa nyuma ya pikipiki ya Iliasi, taximani mzoefu wa njia hiyo, kitabu kikiwa mgongoni mwake ndani ya kitenge na kitenge ndani ya plastiki, na kompyuta ya kazi ndani ya mfuko kifuani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Baiskeli zilitokea humo bila sauti, zimebeba mchele na madumu ya mafuta ya mawese, kisha zikamezwa tena. Walivuka madaraja ya magogo kwa miguu, Iliasi akiisukuma pikipiki na kuisemesha kama mbuzi mkaidi. Kadiri walivyokwenda, Nsimire hakuwa na hakika tena kama anasafiri au anasoma. Kila kona ilionekana kama ukurasa uliogeuzwa, na kila mtu waliyempita alionekana kujua ni wa ngapi.

"Mama, usilale!" Iliasi alipiga kelele. "Ukianguka hapa, mie sitarudi kukuokota. Nitakutumia ujumbe tu."

"Silali. Niko nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Moteri inakohoa?"

Alimwambia ni kitu cha aina hiyo. Walifika Wamaza jua likishuka. Mado, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya shamba, alimpa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamwonyesha mkeka, na Nsimire akalala kama gogo.

Asubuhi hakutaka hata chai. "Mado, nionyeshe kitabu yenu. Nahitaji ukurasa moja tu."

"Buku? Iko mu kijiji."

"Mu nyumba ya nani?"

Mado alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. "Twende tu, dada. Utaona."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Clémentine, mkunga. Nyuma ya mlango wake, kwenye msumari, ulining'inia ukurasa wa 112, ule wa kutia dawa kwenye maji, umepakwa nta ya mshumaa usilowe. Nyumba ya pili ilikuwa karakana ya Bruno, mshona viatu. Ukurasa wa 74, wenye vipimo vya zile ngozi za duara zinazokaa ndani ya pampu, ulikuwa juu ya meza yake chini ya gundi, pembe zake nyeusi kwa alama za dole gumba. Kisha Mado akampeleka uwanja wa mpira. Kocha wa timu alifungua mfuko wa mipira, akatoa ukurasa wa 90, uliokunjwa mara nne: namna ya kung'oa mabomba marefu kutoka shimoni. Kazi hiyo inataka wanaume sita wenye nguvu wanaokutana kila siku, na kule Wamaza wanaume wa namna hiyo hukutana mahali pamoja tu.

Nsimire alikuwa akitabasamu kwa mkunga. Kwa Bruno tabasamu lilimganda. Uwanjani alishindwa kujizuia.

"Kitabu ya baba yangu!" alisema, na sauti yake ikapasuka. "Aliiandika miaka mitatu, na macho yake yalikuwa yanakufa. Mimi sijafuta hata nukta yake moja, na nyinyi mumeipasula kama karatasi ya kufunga karanga! Nani alianza?"

Kocha aliutazama mpira. Mado alimshika Nsimire mkono, akamwongoza taratibu hadi kwenye pampu, akamkalisha juu ya ukingo wa simenti, na yeye akakaa kando yake.

"Usikasirike, dada. Yeye njo aliipasula."

"Yeye nani?"

"Baba yako. Hapa hapa penye umekaa."

Ndipo Mado akamweleza. Kitabu kilipofika Wamaza kilipokelewa kwa nyimbo. Chifu alikiweka ndani ya sanduku lake, kimeviringishwa kitambaa cheupe, kufuli juu, na kilitolewa siku za wageni tu ili wageni wakione. Hakuna aliyethubutu kukishika kwa mikono yenye grisi. Pampu ikaharibika, ikakaa mwezi mzima bila kutoa tone, na kitabu kiko salama kabisa sandukuni. Mzee Lwamba alipokuja aliuliza nani amekisoma. Watu walitazamana. Mzee akaomba wembe.

"Alikata moja moja," Mado alisema. "Kila ukurasa alikuwa anatuuliza: hii shida, ni nani anaionaka wa kwanza? Tukisema fulani, anamuita, anamusomea, anamupa. Alikaa hivyo tangu asubuyi mpaka jua kushuka."

"Hakuumia?"

"Aliumia. Machozi ilitoka kidogo. Kisha akajicheka, akasema: 'Niliandika kama mutu yenye kutembeza wageni mu nyumba yake, namuonyesha kila kiti. Kumbe watu walikuwa na kiu.'"

Nsimire alipeleka mkono nyuma. Mgongoni mwake kitabu kizima kilikuwa kizito kuliko jana, kimefungwa mpira, kimefungwa kitenge, kimefungwa plastiki. Alijiona mwenyewe ameshika ufunguo wa sanduku la chifu, na hakupenda alichokiona.

"Na sitini na moja?" aliuliza mwishowe. "Alimupa nani?"

"Mama Safia. Yeye njo anaamukaka wa kwanza mu Wamaza muzima."

Maana yake ilikuwa rahisi, na Nsimire alishangaa kwamba hakuwahi kuifikiria. Pampu inayochelewa humchelewesha mtu wa kwanza tu. Akishapiga mkono wa pampu hadi maji yapande, wanaofuata wanayakuta yanamiminika na hawajui kitu. Mama Safia alikuwa muuza maandazi. Aliteka maji kabla ya jogoo na kabla ya adhana. Shida ile ilikuwa yake muda mrefu kabla haijawa ya kijiji.

Walimkuta akipepeta unga, mama mnene mwenye kilemba cha kijani. Aliposikia jina la Lwamba aliacha ungo, akapangusa mikono na kumtazama Nsimire usoni kwa muda mrefu, akitafuta alama za mtu mwingine. Kisha akaingia ndani na kurudi na kopo la maziwa ya unga. Karatasi ilikuwa humo.

"Ile yenye alinipa kwanza, mchwa ilikula," alisema. "Alipokuja mara ya mwisho nikamwambia kwa haya. Hakunigombeza. Alitoa buku yake mwenyewe mu mufuko, akakata yake, akanipa. Akasema: 'Hii inatoka ku buku ya nyumba. Mutoto wangu ataiuliza, nami nitamueleza.'"

"Hakunieleza, mama," Nsimire alisema. "Alirudi na homa. Siku hazikumutosha."

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Upande mmoja ulikuwa ukurasa wa 61 kama ulivyopigwa chapa, lakini ulikuwa umechorwachorwa kwa kalamu ya bluu. Mzee alikuwa amepiga mstari juu ya kichwa cha habari, ile miayo ya pampu aliyoipenda sana, na juu yake kuandika kwa mkono: Maji inachelewa asubuhi. Alikuwa amefuta "kama nilivyokwisha kukueleza". Alikuwa amefuta habari nzima ya fundi wa Nyangwe na mke wake, ambayo ilimchekesha yeye mwenyewe kila alipoisoma. Mistari arobaini ilibaki sita, yenye namba, na mwanzoni aliongeza maneno haya: "Ukurasa huu unatosha peke yake. Usitafute mwingine."

Nsimire aliusoma mara mbili, na mara ya pili aliusikia. Sauti haikutoka dirishani, maana hapakuwa na dirisha. Ilitoka pale pale kwenye karatasi, fupi, haina haraka, na ilikuwa ya baba yake kupita kurasa zote mia na themanini na sita.

Wakaenda kwenye pampu. Mado alishika mkono wa pampu na mama Safia akaanza kutoa amri, kwa maana hakujua kusoma lakini karatasi ile aliijua kama sala zake. Mado akapiga pampu mpaka maji yakatoka. Kisha mama Safia akainua kiganja.

"Sasa muache. Mungojee wakati wa bugali kuiva. Mutu asiguse."

Hakuna aliyegusa. Akina mama waliweka ndoo chini na kukaa. Ukungu ulikuwa bado haujaachia paa za nyumba, na moshi wa jiko la jirani ulitambaa ukachanganyika nao hadi usijue upi ni upi. Ulikuwa ungojeaji wa ajabu, watu thelathini kimya mbele ya chuma, wote wakisikiliza chini, kule ambako maji ama yalikuwa yamesimama ama yalikuwa yanarudi shimoni taratibu. Nsimire alifungua kompyuta yake magotini. Akatafuta sura ya miayo, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akangoja ule ukimya anaouogopa.

Haukuja. Alifuta mstari, baba akaendelea kusoma. Alifuta hadithi ndefu aliyoipenda mzee, na baba akaguna kidogo, kisha akaendelea. Aliandika kichwa kipya, akaandika hatua ya kwanza na ya pili, akaondoa vile viungo vilivyokwenda kwenye weupe, akavielekeza hapa. Alitazama juu akaona bugali sasa ingekuwa imeiva.

"Pigeni, muhesabu," mama Safia alisema.

Walihesabu wote kwa pamoja. Maji yangekuja kabla ya pigo la kumi, ugonjwa ungekuwa kwingine. Walipita kumi, wakapita kumi na tano, na tone la kwanza likaanguka kwenye kumi na tisa. Basi ilikuwa klape ya chini, kile kifuniko kidogo kilichoko mwisho kabisa wa bomba, ambacho kazi yake yote maishani ni kuzuia maji yasirudi yalikotoka. Timu ya mpira iliitwa na ukurasa wake wa 90. Walivuta mabomba wakiimba wimbo wa kuwasimanga wapinzani wao wa kijiji jirani. Ndani ya klape walikuta punje za changarawe na mpira uliochakaa upande mmoja. Bruno alikata mpira mwingine kwa kipimo chake, Clémentine akatia dawa, na kabla ya jua la utosi kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Mado alipiga pampu. Maji yalikuja kwenye pigo la tatu, ya rangi ya kutu kwanza, kisha meupe.

Nsimire alimaliza hatua ya sita, akaihamisha kwa waya hadi kwenye simu ya Mado. Mado aliandika maneno yale yale ya Jumatatu: maji inachelewa. Kikatokea kitu kimoja tu, na alikisoma kwa sauti kuu ya shambani. Alipofika hatua ya tatu mama Safia alianza kusema pamoja naye, neno kwa neno, macho amefumba. Mado akamaliza, akashusha simu.

"Bado moja," mama Safia alisema.

"Hakuna, mama. Karatasi imeisha."

"Karatasi ilikuwa imemuishia nafasi. Yeye alikuwa bado. Alisema: 'Maji ya kwanza, munyweshe mutoto wako mwenyewe. Mukono yako ikiogopa kumupa, basi klape haiko safi. Ung'oe tena, uoshe.' Alisema yeye alifanyaka hivyo siku zote. Haachake pampu mpaka ampe mutoto wake, na siku zenye hakumuchukua, alikuwa anajiuliza tu: leo ningemupa?"

Kikombe cha bati kilirudi mbele ya macho ya Nsimire, na nyuma yake mikono ya baba yenye grisi, na machifu waliosimama wakingoja. Miaka yote alidhani alikuwa anapendelewa. Kumbe alikuwa ndiye kipimo. Kila pampu, kutoka Nyangwe hadi Lusangi, ilipimwa kwa kitu ambacho baba yake alikuwa anaogopa kukipoteza kuliko vyote, na haikukabidhiwa mpaka hofu ile imekwisha. Alilia wazi, mbele ya timu nzima ya mpira, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ijumaa, huko Kasongo, bwana Katembo angeandika shida yake ya maji na simu ingemjibu kabla hajaweka miwani sawa. Angesoma hadi mwisho, akune kidevu na kuuliza kama hatua ya saba ni ya kiufundi kweli, na Nsimire angemwambia kwamba hiyo ndiyo ya kiufundi kupita zote na haikatwi. Katembo, baba wa watoto wanne, angeisoma tena na kusema basi iache. Kile cha Kifaransa ndicho kingekwenda kwa mchwa. Saa nane mchana sauti ingekuja kama kawaida upande wa dirisha, ikisoma ukurasa wa 1, na yeye angeanza kufuta bila kuogopa. Kitabu cha nyumbani kingekuwa juu ya meza, mpira umefunguliwa, kurasa zimetawanyika, na kitenge cha mama angekuwa amekivaa.

Lakini hayo yalikuwa ya Ijumaa. Siku ile, mama Safia alijaza kikombe, akakishika kwa mkono uliotulia, akatazama huku na huku kati ya watoto waliosogea. Kisha akawapita wote.

"Kunywa, mutoto wa Lwamba," alisema. "Hapa kila mutu atamupa wake. Yeye wake ni wewe."

Nsimire alikunywa. Maji yalikuwa baridi, na kwa mbali yalikuwa na ladha ya chuma. Akina mama walianza kusogeza ndoo, na watoto wao wakaitwa mmoja mmoja kwa majina. Naye akapangusa mdomo, akavuta kompyuta magotini, akaandika namba saba.